Wazee na vijana meza moja: wajibu wa tabianchi tugawane vipi bila kudanganyana?

Mshika Kalamu

Habari zenu wakuu.

Kuna kikundi cha watu wa rika zote, wanafunzi wa sekondari hadi wastaafu, kinachotaka kuandika makubaliano ya miaka 30 kuhusu mabadiliko ya tabianchi: nani afanye nini, nani amrithi, na itajulikanaje kwamba kazi inafanyika. Nimekabidhiwa kuandaa kikao cha kwanza pamoja na rasimu. Kikao hakijafika na kambi zimeshajipanga. Vijana wanasema wazee wamekula karamu wakawaachia vyombo. Wazee wanajibu kwamba hawakujua, tena vijana ndio wanaobadilisha simu na nguo kila msimu. Watu wa makamo wamekata tamaa: imeshachelewa, tupande miti kidogo, tupige picha, twende zetu.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie haya:

1. Ni kweli imeshachelewa? Kipi bado kinaokoleka na kipi hakiokoleki?
2. Lawama na wajibu vigawanywe kwa kigezo gani?
3. Tumepewa hekta 2. Sehemu ina visiki vinavyochipua, sehemu ni nyasi tupu. Tufanye nini ili miti isife mwaka wa pili?
4. Watoto waambiweje ukweli bila kuvunjwa moyo?

Nipeni vipimo na hatua. Hotuba tunazo za kutosha.

---

Kipimajoto

Nachukua la kwanza, maana mengine yote yanalitegemea.

"Imechelewa" haijibiki mpaka useme imechelewa kwa lipi. Yako madhara yanayosimama tukiacha kuyachochea, yako yanayoendelea hata tukiacha, na yako ambayo tayari yameepukwa. Ukiyachanganya, utaishia ama kwenye matumaini ya uongo ama kwenye kukata tamaa kwa uongo.

Joto lenyewe liko kwenye kundi la kwanza. Kaboni dioksidi hujilimbikiza angani, na joto la dunia hufuata jumla ya yote yaliyowahi kutolewa. Ripoti ya sita ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inakadiria kwamba kila tani bilioni 1,000 huongeza takriban nyuzi 0.45 (wigo wake ni 0.27 hadi 0.63). Kuanzia 1850 hadi 2019 binadamu alitoa tani bilioni 2,390 hivi. Zidisha: 2.39 mara 0.45 unapata karibu 1.08. Joto lililopimwa kwa muongo wa 2011 hadi 2020 ni nyuzi 1.1 juu ya kiwango cha 1850 hadi 1900. Hesabu hii fanyeni mbele ya kikao kwa kikokotoo cha simu, inachukua dakika moja. (Kwa wenye macho makali: gesi nyingine huongeza joto na vumbi la moshi hulipunguza, na hadi sasa vimekaribia kufutana, ndiyo maana hesabu rahisi namna hii inakubali.)

Kutokana na hilo, utoaji wa kaboni dioksidi ukifika sifuri halisi (kinachotolewa kikilingana na kinachoondolewa angani), joto la dunia linaacha kupanda kwa kiasi kikubwa. Wengi wanaamini kwamba hata tukiacha leo kuna nyuzi nzima iliyokwisha kufungwa njiani. Sivyo. Bahari bado haijamaliza kupata joto, na hilo peke yake lingeendelea kupandisha joto la hewa. Lakini bahari hiyohiyo na mimea huendelea kunyonya kaboni dioksidi, kiwango chake angani kikapungua. Nguvu hizi mbili hukaribia kulingana. Ila msiahidi kwamba joto litashuka. Litakaa pale lilipofika kwa karne nyingi, isipokuwa kaboni iondolewe angani kwa makusudi.

Methani ni habari tofauti. Hukaa angani miaka 12 hivi, na kwa kipindi cha miaka 20 tani yake moja hunasa joto takriban mara 80 ya tani ya kaboni dioksidi. Mtu wa miaka 65 akisaidia kuziba mabomba ya gesi yanayovuja, au akisimamia taka zinazooza zitenganishwe badala ya kufukiwa dampo, matokeo yake yanaweza kuonekana akiwa hai. Wazee wapeni kazi hii kwanza.

Kundi la pili ni lile lisilosimama. Usawa wa bahari ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na utaendelea kwa karne kadhaa hata joto likitulia. Kwa kipindi cha miaka 2,000 makadirio ni mita 2 hadi 3 joto likizuiwa kwenye nyuzi 1.5, na mita 2 hadi 6 likifika nyuzi 2. Spishi iliyotoweka nayo hairudi. Hapa hakuna cha kupamba. Hili ni deni linalohama kutoka mkono hadi mkono, na kazi ni kulipunguza lisikue.

Kundi la tatu husahaulika kwa sababu halina picha. Kabla ya Mkataba wa Paris wa 2015, mwelekeo ulikuwa karibu nyuzi 4 ifikapo 2100. Sera zilizopo sasa zinaelekea karibu nyuzi 3. Bado ni hatari kubwa, lakini takriban nyuzi nzima imekatwa, na iliyoikata ni mambo yanayojulikana: sheria, mashinikizo, na kushuka kwa gharama. Kati ya 2010 na 2019 gharama ya umemejua ilishuka kwa asilimia 85, ya betri za lithiamu asilimia 85, ya upepo asilimia 55.

Kuhusu lengo la Paris la kuzuia joto kwenye nyuzi 1.5: mwaka 2024 ulivuka kiwango hicho, lakini lengo la Paris hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, si mwaka mmoja. Hata hivyo msiwafiche watu. Mwanzoni mwa 2020 bajeti iliyobaki, yaani kaboni dioksidi inayoweza kutolewa bila kuvuka 1.5 kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, ilikuwa tani bilioni 500, na dunia hutoa kama bilioni 40 kwa mwaka. Sehemu kubwa imeshakwenda, na wastani karibu utavuka. Mapambano yaliyobaki ni ya vipande vidogo vya nyuzi, navyo si vidogo: kwenye 1.5 matumbawe ya maji ya joto yanapungua kwa asilimia 70 hadi 90, kwenye 2 yanakwisha kwa zaidi ya asilimia 99. Tofauti ya nusu nyuzi ndiyo inayoamua kama kutabaki mbegu ya kuanzia upya.

---

Mizani

Swali la pili. Umri ukitumika peke yake ni kigezo kibovu, na mjadala ukiuachia umri mtagombana saa mbili bila kupata mstari mmoja wa kuandika.

Anzeni na tarehe. Katika ile jumla aliyoitaja Kipimajoto, asilimia 58 ilitolewa kati ya 1850 na 1989, na asilimia 42 kati ya 1990 na 2019. Miaka 30 karibu ilingane na miaka 140. Upimaji endelevu wa kaboni dioksidi pale Mauna Loa, Hawaii, ulianza 1958, jopo la IPCC likaundwa 1988, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi ukafunguliwa kutiwa saini Rio mwaka 1992. Kwa hiyo "hatukujua" ina uzito kwa mwananchi wa kawaida wa 1975. Kwa serikali na kampuni kubwa baada ya 1992 haina uzito wowote.

Kisha wekeni kipato, na hapo kambi za umri zinavunjika zenyewe. Asilimia 10 ya kaya zenye utoaji mkubwa zaidi duniani huchangia kati ya asilimia 34 na 45 ya gesi joto zinazotokana na matumizi ya kaya. Nusu ya chini ya kaya zote huchangia asilimia 13 hadi 15 tu. Kijana mwenye nacho na mzee asiye nacho hawako upande mmoja wa mizani hata wakikaa vipi kwenye picha ya pamoja.

Lakini umri una sehemu moja usipopingika, nayo ni upande wa kupokea. Utafiti uliochapishwa 2021 ulilinganisha aliyezaliwa 1960 na aliyezaliwa 2020: kwa ahadi za nchi za wakati huo, wa pili atakutana na matukio makali mara 2 hadi 7 zaidi, hasa mawimbi ya joto.

Ninachopendekeza ni kumuuliza kila mtu maswali matatu: umechangia kiasi gani, una uwezo gani, una miaka mingapi mbele yako. Majibu yanatoa mgawanyo wenyewe. Wazee wengi wana hati za ardhi, heshima ya kusikilizwa ofisini, na wosia ambao haujaandikwa. Vijana wana miaka na wepesi wa kupima na kutunza kumbukumbu. Wa makamo, hao waliokata tamaa, ndio wenye mkono mzito kuliko wote, kwa sababu wao ndio wanaonunua vitu vinavyodumu. Gari likinunuliwa leo litatembea miaka 15 au zaidi. Jengo linasimama miaka 50. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huendeshwa miaka 40 au zaidi. Mwenye kusaini manunuzi ya namna hiyo anaamua kwa niaba ya mtu ambaye hajazaliwa, kwa hiyo kifungu cha kwanza cha wa makamo kiwe hiki: kila kifaa kinachochoma mafuta, kikifika mwisho wa maisha yake, kisibadilishwe na kingine cha aina hiyohiyo bila kuliandikia kundi sababu.

Hoja ya pesa itakuja tu. Mtu atasema gharama ya leo ni kubwa kuliko hasara ya baadaye. Mwombeni ataje kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya jambo la baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka wa kungoja. Hasara ya 100 itakayotokea miaka 100 ijayo, kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo inahesabiwa chini ya 1. Kwa asilimia 1.4, kiwango kinachokaribiana na kilichotumika katika ripoti ya Stern ya 2006 kuhusu uchumi wa tabianchi, inahesabiwa 25. Hasara ni ileile. Kilichobadilika ni uzito aliopewa mjukuu. Mkubaliane kiwango na mkiandike, kisije kujificha ndani ya hesabu.

Na kwa wanaodhani hii ni vita ya rika: tarehe 9 Aprili 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliipa ushindi jumuiya ya wanawake wazee wa Uswisi dhidi ya serikali yao, kwa hoja kwamba mawimbi ya joto huwaumiza wazee zaidi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema sheria iliyosukuma mzigo mkubwa wa kupunguza gesi baada ya 2030 inagusa uhuru wa vijana. Lengo la 2030 likapandishwa kutoka asilimia 55 hadi 65, na sifuri halisi ikaletwa 2045. Maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 23 Julai 2025 yalitokana na kampeni iliyoanzishwa 2019 na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. Wazee wameshtaki, vijana wameshtaki, na mshtakiwa ni mmoja.

---

Jicho Kavu

Nakubaliana na Mizani kasoro pale pa "wazee wana saini, vijana wana muda". Ukiandika hivyo umerudisha mamlaka kulekule na kuwapa vijana kibarua cha bure. Mwenye kuhesabu miche bila kuwa na sauti ya kubadilisha mpango ataacha baada ya mvua mbili, na atakuwa na haki.

---

Mizani

Hoja imepokelewa. Rekebisho: kila uamuzi wa fedha au ardhi uwe na sahihi mbili, ya mtu wa chini ya miaka 30 na ya mtu wa juu ya 50, na mmoja akikataa uamuzi urudi kikaoni. Vilevile kila jukumu liwe na mshika na msaidizi wanaopishana miaka 20 au zaidi, na msaidizi awe ameshalifanya mwenyewe walau mara moja akiangaliwa. Kutajwa kwenye karatasi hakutoshi.

---

Bwana Miche

Naingia kwenye hekta 2, lakini kwanza nipunguze matarajio.

Mti wenye uzito mkavu wa kilo 100 umebeba kama kilo 47 za kaboni. Zidisha kwa 3.67 kupata kaboni dioksidi: kilo 172 hivi. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3. Yaani mti huo, baada ya miaka yake yote ya kukua, ni sawa na lita 75 za petroli, na moto mmoja unairudisha yote angani. Kwa hiyo msipande ili mjihesabie kwamba mmefuta safari zenu. Pandeni kwa ajili ya udongo, kivuli, maji kuingia ardhini badala ya kukimbia juu, matunda, na kwa sababu shamba la miti linafundisha kurithishana kazi kuliko semina yoyote.

Anzeni na visiki, si miche. Kisiki kinachochipua kina mizizi iliyokomaa tayari, inayofika kwenye unyevu ambao mche utauota kwa miaka. Njia ya kisiki hai ni hii. Chagua machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka na yenye nguvu kwa kila kisiki, kata mengine kwa kisu au msumeno mkali bila kuchana gome. Pogolea matawi ya chini ya yale uliyoyaacha, usipite nusu ya urefu wake. Funga kitambaa cha rangi inayoonekana ili mfyekaji na mchungaji wajue kina mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya, na ukihitaji fito, vuna moja na kuliachia nafasi jingine. Kosa la kawaida ni tamaa: mtu anaacha machipukizi 10, yote yanabaki membamba. Kosa la pili ni kupogolea hadi kileleni. Upepo wa kwanza unayakunja.

Sehemu ya nyasi, ulizeni kwanza: hapa palikuwa na msitu? Kama ni mbuga ya asili tangu zamani, muiache. Kaboni yake iko ardhini, na miti itaua mimea na wadudu wasioishi penginepo. Wazee ndio wa kuulizwa, na picha za zamani za angani zikipatikana zitathibitisha.

Kama palikuwa na miti, basi:

Idadi ya miche kwa hekta ni mita za mraba 10,000 kugawanya kwa nafasi ya mche mmoja (urefu mara upana). Mita 3 kwa 3 ni miche 1,111 kwa hekta, 4 kwa 4 ni 625. Pale maji ni haba chukueni 4 kwa 4. Ongezeni asilimia 15 hadi 20 ya kujazia mapengo. Changanyeni aina za asili tano au zaidi. Aina moja ikipata mdudu wake, mmekwisha.

Mche mzuri una urefu wa sentimita 30 hadi 50, shina gumu, na wiki nne za mwisho kitaluni umepunguziwa maji na kivuli ili ukomae. Mrefu wenye shina laini ni mzuri wa picha tu. Pasua viriba vitatu au vinne kama sampuli kabla ya kupokea mzigo. Mizizi ikiwa imejisokota chini, kata sentimita 1 hadi 2 za kitako cha kiriba kabla ya kupanda. Ikiwa imejisokota hadi juu, kataeni mzigo wote.

Shimo ni sentimita 45 kwa 45 kwa 45, kwenye udongo mgumu 60. Lichimbwe mwezi mmoja au zaidi kabla ya mvua. Udongo wa juu wekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu uchanganywe na kilo 5 hadi 10 za samadi iliyooza kabisa (mbichi inaunguza mizizi) na ndio utangulie kurudi. Pandeni udongo ukiwa umelowa hadi kina cha sentimita 30, hata kama sherehe ilipangwa wiki iliyopita. Kiriba kitoke chote. Shingo ya mche ilingane na uso wa ardhi, shindilieni kwa mguu taratibu, kisha wekeni matandazo unene wa sentimita 5 hadi 10 yakiwa mbali na shina kwa upana wa kiganja. Penye ukame acheni kisahani cha kukusanya maji. Panapotuama maji fanyeni kinyume, pandeni juu ya kichuguu.

Palilieni duara la mita 1 kuzunguka kila mche mara 2 au 3 kwa mwaka kwa miaka mitatu ya mwanzo. Hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa sababu siku ya kupanda ina wageni na siku ya kupalilia haina mtu. Kabla ya kiangazi fyekeni barabara ya moto mita 5 hadi 10 kuzunguka eneo lote.

Hesabuni waliopona mwezi wa 3, wa 12 na wa 36. Chini ya asilimia 70, msijazie kwanza, tafuteni sababu. Mche uliokauka majani yakiwa bado yameshikilia, ndani ya wiki chache, kwa kawaida ulipandwa na kiriba, au mizizi ilivunjwa, au mvua ilikatika. Gome lililoliwa kama pete usawa wa udongo ni mchwa. Ncha zilizokatwa kwa urefu unaolingana ni mifugo, na dawa yake ni kuzungumza na wachungaji, kwa sababu ua peke yake utafunguliwa. Mti unaoinama au kung'oka mwaka wa tatu bila upepo mkali ni mizizi iliyojisokota kitaluni, na huo hauponi.

---

Mlezi wa Zamu

La nne ni fani yangu.

Hofu ya vijana si uvivu wala si mtindo. Uchunguzi wa 2021 uliowahoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10 ulikuta asilimia 59 wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinagusa maisha yao ya kila siku. Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Ni jibu linalolingana na jambo. Unakuwa tatizo unapokosa pa kwenda.

Watu wazima hukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni "usijali, wataalamu watapata dawa": mtoto anaelewa kwamba hapa haulizwi wala hajibiwi, anahamia mitandaoni kutafuta jibu. Ya pili ni kumwagia takwimu zote kwa mkupuo kisha kumwambia "ninyi ndio tumaini letu". Sentensi hiyo iondoeni kwenye ratiba kabisa. Inamkabidhi mtoto kazi ambayo hana saini, pesa wala kura ya kuifanya.

Chini ya miaka 8, msizungumzie maangamizi. Wafundisheni kupenda na kutambua: mti huu, ndege huyu, maji yanatoka wapi, na nini cha kufanya mafuriko au joto kali likija, nani atamchukua na wapi. Miaka 8 hadi 12, chanzo na suluhisho vikae kwenye kipindi kimoja. Msimalize siku na tatizo peke yake. Miaka 13 na kuendelea, wapeni hesabu za Kipimajoto kama zilivyo, halafu swali la nani ana mamlaka ya kubadilisha nini.

Mpangilio unaofaa ni kuuliza kwanza alichokwisha kusikia, kusahihisha lisilo kweli, kutaja jambo moja lililokwisha kufanyika, kisha jambo moja la wiki hii atakalofanya pamoja na mtu mzima. "Pamoja" isiachwe.

Mifano ya yaliyokwisha kufanyika iwe ya kweli na isipambwe. Tabaka la ozoni: Itifaki ya Montreal, ya kuacha kemikali zinazoliharibu, ilitiwa saini 1987, na sehemu kubwa ya dunia inatarajiwa kurudi kwenye hali ya 1980 karibu na 2040, juu ya Antaktika karibu na 2066. Walioanza kazi hiyo wengi hawataona mwisho wake, na bado inaendelea. Lakini waambieni pia kwamba ile ilikuwa rahisi zaidi: watengenezaji wa kemikali zile walikuwa wachache na mbadala ulipatikana upesi, wakati mafuta na makaa yameingia kila mahali. Petroli yenye risasi ni mfano mwingine; nchi ya mwisho kuiuza kwa magari iliacha 2021, karibu miaka 100 tangu ianze.

Kijana asiyelala au asiyekula vizuri kwa wiki mbili, anayekataa shule, au anayetaja kujidhuru, huyo hahitaji mjadala wa tabianchi. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo anapotaja kujidhuru.

Kuhusu kikao chenyewe, saa mbili zinatosha. Dakika 15 za hesabu ya joto. Dakika 40 jozi za mzee na kijana, kijana akitangulia kusema kwa dakika 5 bila kukatizwa, kisha mzee 5, kisha wajibu pamoja yale maswali matatu ya Mizani. Ukimwacha mzee atangulie, heshima itamfunga kijana mdomo na utapata makubaliano ambayo hayapo. Dakika 45 za kuandika majukumu, zinazobaki za kusoma kwa sauti na kupinga. Chai iwe mwisho, maana ikiwa katikati hamrudi.

---

Mshika Kalamu

Nashukuru sana wakuu, nimeshaanza kuchora jedwali. Swali la mwisho: rasimu iwe na urefu gani, na itunzwe wapi ili miaka 30 isiimalize?

---

Mizani

Ukurasa mmoja wa majukumu, ukurasa mmoja wa sheria za kurithishana. Zaidi ya hapo hausomwi. Kwenye sheria za kurithishana andikeni nini kinatokea mshika akifariki, akihama au akinyamaza miezi sita. Tarehe za mapitio kila miaka mitano zitajwe zote sita sasa hivi. Kisha kifungu cha kujivunja: sahihi zikipungua chini ya idadi fulani, eneo na kumbukumbu vinaenda kwa nani.

Nakala tatu za karatasi, mahali patatu, pamoja na nakala ya kidijitali kwenye akaunti ya kikundi yenye washika nywila wawili au zaidi. Akaunti ikiwa ya mtu mmoja, simu yake ikipotea na kumbukumbu za miche zimekwenda nayo. Ramani ya eneo iwe na majiranukta (vipimo vya GPS) ya kila pembe, kwa sababu alama ya "pale kwenye jiwe kubwa" haivuki kizazi.

---

Bwana Miche

Na kabla ya yote hayo, mmesema "tumepewa" hekta 2. Mmepewa na nani, kwa karatasi gani? Kama ni neno la mdomo, pateni makubaliano ya matumizi ya ardhi yaliyoandikwa, ya miaka 30 au zaidi, yanayosema miti na mazao yake ni ya nani, nani anaruhusiwa kukata, na kwamba yanawafunga warithi wa mwenye ardhi pia. Yasainiwe na kushuhudiwa kadiri sheria ya mahali hapo inavyotaka. Majembe yasubiri.